Kupima maji ya visima kando ya mashimo ya mchanga: mwongozo kwa kamati za maji za shehia

Magari ya mchanga yakianza kupita kijijini, watu hulalamikia vumbi, barabara na minazi iliyong'olewa. Kisima hakitajwi. Baada ya miaka michache maji yanabadilika ladha, wazee wanafuatana kwenda kwa wakubwa, na swali la kwanza wanaloulizwa ni hili: kabla ya shimo, maji yalikuwaje? Hapo ndipo madai mengi hufia, maana hakuna aliyepima.

Mwongozo huu ni kwa kamati ya maji ya shehia, mwalimu wa sayansi wa skuli ya karibu, au kijana yeyote mwenye daftari na subira. Nimeufikiria zaidi kwa Kaskazini B, Unguja, upande wa Donge khasa, ambako mchanga wa kujengea umechimbwa kwa miaka mingi. Hatua ni zile zile kwa wanaoishi jirani na machimbo ya mawe, kokoto na kifusi kwenye ardhi ya maweni, na Pemba vilevile.

Jambo moja lieleweke kabla ya hatua yoyote. Maji yetu matamu yako chini ya miguu yetu, yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini kutoka pande zote za kisiwa, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kanuni ya wataalamu inasema kila mita 1 ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa pande zote mbili: ukishusha kiwango cha juu kwa mita 1, chumvi ya chini inapata nafasi ya kupanda mita nyingi. Kwa hivyo shimo linalofika hadi kwenye maji, na pampu inayoyakausha ili kijiko (mashine ya kuchimbia) kiendelee kuchota, haligusi kiwanja hicho peke yake.

Tena mchanga wenyewe ndio chujio. Maji ya mvua yanayopita mita nyingi za mchanga na udongo hufika chini yakiwa yameacha uchafu mwingi njiani. Ukiuondoa mchanga, njia imefupishwa. Na shimo lililoachwa wazi mara nyingi huishia kuwa jaa.

Tunachojifunza kwenye migodi ya makaa ya mawe

Zanzibar hakuna makaa ya mawe. Bara yapo, kule Ngaka mkoani Ruvuma na Kiwira kusini-magharibi, na duniani migodi ya aina hiyo ndiyo imefundisha mengi kuhusu kufuatilia maji ya ardhini. Kwenye makaa ya mawe mara nyingi kuna madini ya chuma na salfa yaliyolala bila kugusana na hewa. Mgodi ukiyafungua, hewa na maji vinayageuza kuwa asidi ya salfa, na asidi hiyo inayeyusha chuma, manganizi na alumini kutoka kwenye mawe. Hali hiyo inaweza kuendelea miongo kadhaa baada ya mgodi kufungwa.

Wapimaji wa huko wamejifunza kwamba salfeti (inayotokana na asidi hiyo ya salfa) huanza kupanda kabla pH haijashuka (pH ni kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi), kwa sababu mawe yenye chokaa huimeza asidi kwa muda. Anayesubiri maji yawe machungu ndipo apime, amechelewa. Kwetu hatutarajii asidi, maana kisiwa chenyewe kimejaa mawe ya chokaa. Hofu zetu ni chumvi, vijidudu, nitrati (inayotoka kwenye vyoo, makaro na mazizi) na mafuta ya dizeli. Lakini utaratibu wa kazi ni ule ule: kisima cha juu ya mkondo wa maji ya ardhini, kisima cha chini yake, na vipimo vya kabla ya mgodi.

Hatua ya kwanza: orodhesha visima vyote, kisha chagua vichache

Nendeni kwa sheha kwanza. Anajua nani ana kisima, kipi kimefukiwa, na nani atakataa geti lake lisifunguliwe. Zungukeni eneo lote, takriban kilomita moja kutoka ukingo wa shimo, mkiandika kila kisima: cha kuchimbwa kwa mkono au cha mashine, kina chake, kipenyo, kinatumiwa na nyumba ngapi, choo au karo lililo karibu liko hatua ngapi. Waulizeni wanaoteka kila siku, na wengi wao ni kina mama. Mama anayefua kwa maji hayo miaka 20 atakwambia mwezi gani sabuni inaanza kukataa povu, na hilo ni kipimo cha chumvi na ugumu wa maji ambacho hakuna mashine iliyokihifadhi kwa miaka yote hiyo. Liandikeni neno lake kama alivyolisema.

Baada ya hapo chagueni visima vitano au sita, si zaidi, ambavyo mtaweza kuvipima kila mwezi bila kuchoka. Kimoja, na bora viwili, viwe upande wa juu wa mkondo wa maji ya ardhini, yaani maji yanapita hapo kabla ya kufika kwenye shimo. Vilivyobaki, visipungue vitatu, viwe upande wa chini. Visima vya juu ndivyo watu huviruka kwa sababu havina malalamiko, na mimi naona ndivyo vyenye thamani kuliko vyote. Chumvi ikipanda juu na chini kwa pamoja, huenda ni ukame. Ikipanda chini peke yake, mna la kusema.

Kila kisima kipeni namba, muipake rangi kwenye ukuta wake, na mpake alama ndogo kwenye ukingo. Kina kitapimwa kutoka kwenye alama hiyo milele.

Hatua ya pili: tafuta maji yanaelekea wapi

Kwa jumla maji ya ardhini ya kisiwa hutoka kwenye miinuko ya kati kuelekea baharini. Hiyo ni dhana ya kuanzia tu. Ili kuwa na uhakika mnahitaji visima vitatu vilivyokaa kama pembetatu, urefu wa ukingo wa kila kimoja kutoka usawa mmoja, na kina cha maji kwa siku moja. Toa kina cha maji kwenye urefu wa ukingo, utapata usawa wa maji. Maji yanatoka kwenye usawa mkubwa kwenda kwenye mdogo.

Urefu wa ukingo usiutoe kwenye simu. Simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na tofauti mnayoitafuta inaweza kuwa ya sentimita. Kwa visima vilivyo karibu, mafundi uashi wana mpira wao mwembamba wa kupimia usawa kwa maji, na unafaa. Kwa vilivyo mbali, mwombeni mpima ardhi wa wilaya siku moja ya kazi yake. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoshauri mtumie fedha mkiwa nazo.

Kwenye ardhi ya maweni mambo hubadilika. Mawe ya matumbawe yana nyufa na mapango, na maji hupita humo kwa kasi bila kufuata mstari mliouchora. Kisima kilicho mita 100 kinaweza kubaki safi na cha mita 600 kikachafuka baada ya mvua moja. Huko ongezeni visima, na mpime tena siku moja au mbili baada ya mvua kubwa.

Hatua ya tatu: pima kina cha maji

Hiki ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho kinachoachwa kwanza. Mnahitaji tepu ya chuma ya mita 30, kizito kidogo kisicho cha risasi, na chaki.

Paka chaki mita moja ya mwisho ya tepu. Iteremshe polepole mpaka usikie kizito kimegusa maji, kisha ishushe kidogo zaidi na uisimamishe namba kamili ikiwa sawa na alama ya ukingo. Tuseme ni mita 14.00. Ivute juu. Chaki iliyoguswa na maji imebadilika rangi, na mstari wake unaonekana wazi. Tuseme umeishia kwenye sentimita 37. Toa 0.37 kwenye 14.00, upate 13.63. Hicho ndicho kina cha maji kutoka ukingoni. Rudia mara ya pili. Majibu yakipishana zaidi ya sentimita 1 au 2, rudia ya tatu.

Pimeni asubuhi na mapema kabla watu hawajaanza kuteka, au mwombeni mwenye pampu aizime tangu usiku. Kabla ya kwenda kisima kingine, futeni tepu kwa maji yenye klorini, muioshe kwa maji safi na kuikausha, msije mkawa nyinyi ndio mnaohamisha uchafu.

Na msisahau bahari. Pwani yetu maji hujaa na kupwa kwa karibu mita 4 wakati wa bamvua, na visima vilivyo jirani na ufuo hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa kuchelewa kidogo. Ukipima kisima mwezi huu maji yakiwa yamejaa bamvua, na mwezi ujao yakiwa maji mafu, utaona mabadiliko ambayo shimo halihusiki nayo hata kidogo. Chagueni hali moja ya bahari muishikilie. Wavuvi hawahitaji kuangalia jedwali. Waulizeni, na muandike daftarini: bamvua au mafu, kujaa au kupwa, saa ngapi.

Hatua ya nne: vipimo vya kisimani

Kuna vipimo ambavyo lazima vifanywe hapo hapo, maana maji yakikaa kwenye chupa hubadilika. Ni joto, pH na uwezo wa maji kupitisha umeme. Kifaa cha mkononi kinachopima vyote vitatu kinatosha. Kama fedha ni za kitu kimoja tu, nunueni cha kupimia umeme, kwa sababu chumvi ikiongezeka umeme hupita zaidi, na chumvi ndiyo adui wa kwanza wa visiwa.

Kipimo chake ni maikrosimensi kwa sentimita. Maji ya bahari yako karibu 50,000. Maji ya kisima yaliyo chini ya 1,000 watu wengi huyaona matamu. Yakikaribia 2,000 wengi huyalalamikia. Kinachotafutwa lakini ni mwendo. Kisima kilichokuwa 600 kwa mwaka mzima kikaanza kusoma 750, kisha 900, kinahitaji kushughulikiwa kuliko jirani yake aliyekuwa 1,400 tangu enzi za babu.

Kila siku ya kazi, kabla ya kutoka, pimeni kifaa kwa maji ya majaribio yanayouzwa na kifaa chenyewe: ya pH 4, 7 na 10, na ya umeme yenye maikrosimensi 1,413. Andikeni kilisoma nini. Hili linaonekana dogo, lakini siku mtakapokaa mezani na mtaalamu wa upande wa pili, atauliza hilo kabla ya yote. Ncha ya pH isihifadhiwe kavu wala ndani ya maji ya betri (yaliyosafishwa kwa mvuke). Ina maji yake ya kuhifadhia.

Kwenye kisima cha bomba, maji yaliyosimama ndani ya bomba si maji ya ardhi. Yatoeni kwanza. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 kwa kila mita ya maji. Kama maji yana kimo cha mita 12, ndani kuna lita 96, na desturi ni kutoa mara tatu ya hizo, karibu lita 290. Pampu inayotoa lita 20 kwa dakika inamaliza kwa robo saa. Wakati maji yanatoka pimeni kila dakika tatu. Umeme ukitulia ndani ya asilimia 3 na pH ndani ya 0.1 kwa vipimo vitatu mfululizo, chukueni sampuli. Maji hayo yasimwagwe. Watu waje na ndoo na madumu.

Kisima cha mkono cha kipenyo cha mita 1.2 kina zaidi ya lita 1,100 kwa kila mita ya maji, na hakuna wa kukikausha. Kama kinatekwa kila siku maji yake yanajibadilisha yenyewe. Chukueni katikati ya kina. Juu kuna vumbi na majani, chini kuna tope. Kwenye visima vya karibu na pwani msivute maji kwa nguvu kabisa, maana mnaweza kuipandisha chumvi nyinyi wenyewe. Huko pimeni umeme juu, katikati na karibu na sakafu: kukiwa na tofauti kubwa baina ya juu na chini, chumvi imeshafika mlangoni.

Halafu tumieni pua na macho. Harufu ya dizeli, utando unaong'aa rangi rangi, harufu ya yai bovu, maji kuwa mekundu yakikaa kwenye ndoo nyeupe. Andikeni. Kuonja msionje maji mnayoyashuku.

Hatua ya tano: sampuli za maabara

Msinunue chupa dukani. Nendeni maabara kwanza, iwe ya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) au ya Mkemia Mkuu wa Serikali, mwaeleze mnataka kupima nini, na wawape chupa zao na maelekezo yao. Kwa eneo la mchanga mimi ningeomba kloraidi (sehemu kubwa ya chumvi ya bahari), nitrati, salfeti, chuma, manganizi, ugumu wa maji na bakteria aina ya E. koli (wa kinyesi). Karibu na sehemu magari na vijiko vinapomwagiwa mafuta na kubadilishwa oili, ombeni na kipimo cha mafuta ya petroli. Risasi na metali nyingine nzito pimeni mara moja mwanzoni, kisha mara moja kwa mwaka. Kukiwa hakuna kitu, msiteketeze fedha huko.

Chupa ya bakteria ndiyo yenye masharti. Imechemshwa na kufungwa. Isifunguliwe mpaka dakika ya mwisho. Osha mikono, shika kifuniko kikiangalia chini, usikiweke popote, usiguse mdomo wa chupa. Kwenye bomba, futa mdomo wake kwa spiriti na uache maji yapite dakika moja au mbili. Acha nafasi ya hewa juu. Kwenye kisima cha wazi chupa iteremshwe kwa kamba safi na kizito kilichochemshwa. Ukiyachukua kwenye ndoo ya kijiji utapima ndoo. Kama mnataka kujua watu wanakunywa nini, chukueni pia kwenye ndoo, lakini chupa mbili hizo ziandikwe tofauti.

Iwekeni kwenye kibaridi chenye barafu, isigande, na ifike maabara siku ile ile. Saa 24 ndiyo mwisho wa mwisho. Kwa wanaotoka Micheweni au Kojani hili linataka mpango: zungumzeni na maabara siku mbili kabla, mjue nani atapokea na saa ngapi, kabla hamjachukua hata tone. Chupa ya kupimia metali huwekwa asidi kidogo ili chuma kisishikamane na kuta zake. Maabara huitia wenyewe, nanyi msiisuuze wala msiimwage, na mikono iwe na glavu.

Katika kila chupa kumi, moja iwe pacha: maji ya kisima kile kile, lakini imepewa namba ya kubuni, maabara isijue. Na nyingine iwe ya maji ya kuchemshwa na kukusanywa kwa mvuke, yaliyosafiri nanyi kutwa nzima. Pacha zikifanana na chupa ya maji safi ikirudi safi, hakuna atakayewaambia mlichafua sampuli.

Hatua ya sita: mara ngapi

Kina cha maji na umeme, kila mwezi. Sampuli za maabara, mara nne kwa mwaka: mwisho wa jua la kaskazi kabla masika hayajaanza, katikati ya masika, mwisho wa kipupwe, na wakati wa vuli. Mwisho wa kaskazi ndiyo kiwango cha chini kabisa cha maji na chumvi iko juu; katikati ya masika ndipo uchafu wa juu unasombwa kuingia chini. Mkipima mara moja tu kwa mwaka mtakuwa mmepima msimu.

Vipimo vya kabla ya shimo viwe vya mwaka mzima, misimu yote. Tangazo la tathmini ya athari za mazingira likitoka, anzeni siku hiyo hiyo. Na kama shimo limeshafunguliwa, msikate tamaa: kisima cha upande wa juu ndicho kitakachosimama mahali pa vipimo ambavyo havikuchukuliwa.

Daftari liwe moja, gumu, la kurasa zilizoshonwa, na kalamu ya wino. Mstari wa siku moja unafaa uonekane hivi: namba ya kisima, tarehe, saa, bamvua au mafu, mvua ya mwisho ilinyesha lini, kina, joto, pH, umeme, rangi na harufu, nani amepima, nani ameshuhudia, na shimoni kulikuwa na nini siku hiyo. Kipengele hicho cha mwisho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. "Vijiko viwili, pampu inatoa maji tangu jana, lori la taka limemwaga upande wa mnazi mrefu" ni sentensi inayoweza kuzieleza namba za miezi mitatu ijayo. Kila mwisho wa siku pigeni picha ukurasa na muitume kwa watu wawili.

Hatua ya saba: kusoma majibu

Namba za kuanzia, kwa mujibu wa miongozo ya Shirika la Afya Duniani: E. koli isiwepo hata moja katika mililita 100. Nitrati isizidi miligramu 50 kwa lita. Risasi na aseniki zisizidi 0.01 kila moja. Kloraidi ikizidi 250 hivi ladha huanza kuonekana, na chuma kikizidi 0.3 nguo nyeupe huchukua doa. Angalieni namna maabara ilivyoandika nitrati. Wengine huandika nitrati yenyewe, wengine huandika naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, na kwa hesabu hiyo ya pili kikomo ni kama 11. Kusoma 11 ukadhani uko mbali na 50 ni hatari kwa mtoto mchanga.

Kisha someni vipimo pamoja, kwa maana kimoja kimoja hakisemi kitu. Umeme na kloraidi vikipanda bega kwa bega, bahari inaingia. Asilimia 1 tu ya maji ya bahari huongeza kloraidi karibu miligramu 190 kwa lita, kwa hivyo haihitaji mengi. Angalieni kina: kama maji nayo yameshuka, yaani namba ya kina imekuwa kubwa, tafuteni pampu inayovuta, iwe ya shimo au ya hoteli. Katika maji ya bahari salfeti ni kama sehemu moja ya saba ya kloraidi. Kisima chenye salfeti nyingi kupita uwiano huo kinapata kitu kingine, na mnapaswa kuuliza ni nini kimefukiwa.

Nitrati na E. koli vikipanda pamoja, hiyo ni karo, choo au zizi, na shimo la mchanga linaweza kuwa halina kosa. Semeni hivyo hata kama hamlipendi jibu. Kamati inayoilaumu chimbo kwa kila kitu haitasikilizwa siku chimbo litakapokuwa na hatia kweli.

Maji yakichafuka tope baada ya kila mvua ilhali zamani yalibaki meupe, maji ya juu yamepata njia fupi. Chuma na manganizi vikipanda na harufu ya yai bovu ikawepo, kuna vitu vinaoza chini pasipo hewa. Mara nyingi ni taka zilizotupwa shimoni.

Kipimo kimoja kibaya kirudiwe ndani ya wiki. Viwili mfululizo, chukueni hatua.

Hatua ya nane: maji yakiwa mabaya

Kwanza watu, barua baadaye. Kama ni E. koli, kila nyumba ichemshe au iweke klorini; Zanzibar tumezika watu wa kipindupindu, hakuna haja ya kusubiri. Kama ni nitrati iliyozidi, kuchemsha hakusaidii, kunaiongeza kwa sababu maji yanapungua na nitrati inabaki. Watoto wachanga wanaopewa maziwa ya kukorogwa wapatiwe maji ya chanzo kingine siku hiyo hiyo. Chumvi nayo haiondoki kwa moto. Harufu ya dizeli, kisima kifungwe, si cha kunywa wala cha kupikia, na pampu ya petroli isiteremshwe humo.

Barua ipitie kwa sheha, nakala kwa wilaya, ZAWA na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar (ZEMA), na kwa idara inayosimamia maliasili zisizorejesheka. Iwe ukurasa mmoja: visima vipi, tangu lini, vilikuwaje, vimekuwaje, kisima cha juu kinasemaje, mnaomba nini. Ambatanisheni mchoro wa mistari miwili, wa juu na wa chini. Mwenye chimbo mwiteni tangu siku ya kwanza ya upimaji, achukue nusu ya kila sampuli akaipime anapotaka. Akija, atashindwa kuyakana majibu. Asipokuja, andikeni daftarini kwamba aliitwa.

Majibu yabandikwe penye watu: skuli, msikitini, kwenye duka la chai. Maji ni yao.

Usalama, kwa ufupi lakini kwa ukali

Asishuke mtu kisimani, hata kama tepu imeanguka. Hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni, na moshi wa pampu huua haraka. Anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa naye. Kuta za shimo la mchanga huporomoka bila onyo, kwa hivyo msisimame ukingoni wala msipite chini yake. Watoto wasiwe sehemu ya kazi ya shimoni, na madimbwi yake si ya kuogelea. Nendeni wawili au zaidi.

Shimo likishafungwa

Hapa ndipo kamati nyingi huvunjika, na ndipo kazi inapozidi. Ulizeni kitakachofukiwa humo kabla lori la kwanza halijamwaga. Kifusi safi na udongo, sawa. Taka za mji, vyuma vya gari, betri, oili na matandiko ya kuku, hapana, na hasa kama sakafu ya shimo imefika kwenye maji. Simameni hapo, mwandike namba za magari na tarehe. Pimeni kwa angalau misimu yote minane ya miaka miwili inayofuata, kwa visima vile vile, alama ile ile ya ukingo, hali ile ile ya bahari. Na msilifunge daftari hilo kabatini kwa mtu mmoja: nakala moja ikae skuli, moja kwa sheha, na moja kwa mwenye kisima cha chini kabisa ya mkondo.